KOSTIKI NA ASIDI: MAJI KWANZA, GARI BAADAYE



Somo letu la leo ni la wale wanaotengeneza na kusafisha mitambo kazini, na pia la sisi tunaobaki nyumbani tukiwangoja. Kutoka Lunga Lunga mpaka Diani, ni vigumu kupata kikundi kisicho na mama ambaye mwanawe ni kibarua. Mmoja yuko kiwanda cha sukari, mwingine hotelini anatunza bwawa la kuogelea, mwingine gereji, mwingine kwenye mjengo. Mgodi wa Base Titanium uliacha kuchimba Desemba 2024, na tangu hapo kazi imekuwa ya kutafutwa kwelikweli. Na anayetafuta kazi kwa shida haulizi maswali mengi.

TUONE

Kijana mmoja, mtoto wa mwanachama wetu, alipata kibarua cha siku mbili cha kufungua mabomba kiwandani. Aliambiwa bomba ni tupu. Alipolegeza bolti, kostiki iliyobaki ndani ilimrukia pajani, ikateremka hadi ndani ya buti. Wenzake hawakumtupa. Walimbeba mbio, wakampakia kwenye pikapu, dereva akakanyaga mafuta. Safari ilichukua karibu saa nzima. Njia yote hiyo hakuna aliyemmwagia maji wala kumvua buti.

Tulipomtembelea wodini, tulikuta mguu uliokuwa ndani ya buti ndio ulioungua zaidi, kwa sababu kostiki ilikaa pale safari nzima. Mama yake alituuliza swali moja tu: "Kwani pale kiwandani hapakuwa na maji?" Maji yalikuwapo. Hakuna aliyekuwa amefundishwa kuyatumia.

TUELEWE

Moto ukiuondoa mwilini, hauendelei kuwaka. Dawa kali si hivyo. Madamu iko kwenye ngozi, inaendelea kula.

Kina mama wa vikundi vya sabuni wataelewa upesi. Tunapochanganya kostiki na mafuta ya nazi, mafuta yanageuka sabuni. Ngozi yetu nayo ina mafuta. Ndiyo maana mtu aliyeguswa na kostiki husikia utelezi vidoleni. Utelezi ule ni ngozi yenyewe inageuzwa sabuni. Tena pengine mwanzoni haiumi sana, na mtu husema "si kitu," akaendelea na kazi, kumbe inachimba ndani.

Tunakutana wapi na vitu hivi?

- Kiwanda cha sukari: mabomba ya kuchemshia maji ya miwa hushika ukoko, na ukoko huo huchemshwa kwa kostiki ili utoke.
- Gereji: asidi ya betri. Wengi huita kila kinachotiwa kwenye betri "maji ya betri". Chupa moja kweli ina maji, nyingine ina asidi. Tuyaite kwa majina yao.
- Bwawa la hoteli: klorini na asidi. Viwili hivi havikutanishwi kamwe, hata kwenye ndoo moja iliyosuuzwa vibaya. Vikikutana vinatoa gesi inayoharibu mapafu.
- Mjengo: saruji mbichi na chokaa. Fundi akipiga magoti kwenye saruji mbichi, au ikiingia ndani ya buti, jioni anaweza kukuta ngozi imeshaungua.

TUTENDE: MTU AKIMWAGIKIWA

1. Maji mara moja, palepale. Usingoje gari, usingoje mnyapara. Kama ni unga mkavu wa kostiki au chokaa, ukung'ute kwanza, kisha maji mengi.
2. Mvue nguo, buti, saa na pete huku maji yakiendelea. Tusione haya. Mpeni leso ajisitiri baadaye.
3. Endelea kumwagia kwa dakika 20 au zaidi. Kwa kostiki, chokaa na saruji, endelea hata saa nzima kama maji yapo.
4. Likiwa ni jicho, mlaze ubavu, jicho lililoumia liwe chini, ulifungue kwa vidole na kumwagia polepole. Usiache hata akilia.
5. Usipake kitu. Si dawa ya meno, si mafuta, si unga, si yai. Usitie ndimu juu ya kostiki ukidhani utaiua. Vikikutana huongeza joto juu ya kidonda.
6. Sasa ndipo hospitali. Beba kibandiko cha dawa, au mwambie daktari jina lake. Kama kuna maji ya kubeba, endeleeni kumwagia njiani.
7. Aliyekunywa, hasa mtoto, asitapishwe. Itamchoma mara ya pili ikipanda. Mpelekeni hospitali haraka.

Kutoka Lunga Lunga hadi hospitali ya Msambweni ni zaidi ya kilomita 40. Daktari, hata awe hodari vipi, hawezi kuturudishia zile dakika 20 za kwanza. Hizo ni za aliye karibu.

HESABU YA MAJI

Wengine watasema: "Kwetu maji ni ya kununua, tutapata wapi ya kumwaga?" Ni kweli. Ndiyo sababu tunapiga hesabu mapema. Mtungi wa lita 20, ukimwaga polepole kwa jagi, huisha kwa dakika 10 hivi. Kwa nusu saa ni mitungi 3. Tunapendekeza kila kikundi cha sabuni kiwe na sheria hii: kama mitungi 3 haijajaa na kusimama karibu, mkebe wa kostiki haufunguliwi. Siku ya ukame, kazi ya sabuni ingoje. Ikitokea ajali na maji ya mfereji hayapo, tumieni ya kisima. Msingoje mazuri zaidi.

KABLA YA KUFUNGUA BOMBA AU MKEBE

- Usiamini neno "ni tupu". Uliza: nani amezima? Nani amefunga vali kwa kufuli? Presha imetolewa? Limesuuzwa kwa maji?
- Simama pembeni. Legeza kwanza bolti zilizo mbali nawe, ili kilichobaki kitokee upande wa pili.
- Vaa miwani ya kujikinga, glavu ndefu za mpira, aproni na buti za mpira. Suruali iwe nje ya buti, si ndani, ili kinachomwagika kisiingie mguuni.
- Kostiki hutiwa kwenye maji, kidogo kidogo. Asidi vilevile. Usitie maji juu yake. Huchemka ghafla na kuruka usoni.
- Usitumie sufuria ya aluminiamu. Kostiki huila na kutoa gesi inayoshika moto. Tumia ndoo ya plastiki ngumu na mwiko wa mbao, mahali penye hewa.
- Usiweke dawa kwenye chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hasomi kibandiko.

HAKI YA KIBARUA

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe mavazi ya kujikinga. Mfanyakazi akiona hatari kubwa, amjulishe msimamizi wake, na asilazimishwe kurudi pale kabla hatari haijaondolewa.

Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, pia ya 2007, haimwachi nje mtu aliyeandikwa kwa mdomo tu. Akiumia, amwarifu mwajiri mapema. Mwajiri ana siku 7 za kupeleka taarifa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na fomu yake huitwa DOSH/WIBA 1. Dai lisipite miezi 12 tangu ajali. Wekeni karatasi zote za hospitali, na majina ya walioshuhudia.

Tunajua ni rahisi kuandika, ni vigumu kusema mbele ya mnyapara huku wengine 10 wakingoja langoni. Kwa hiyo asiseme mtu mmoja. Vibarua wa kijiji kimoja wakiuliza pamoja kabla ya kazi, "Maji ya kuosha yako wapi?" hilo ni swali la kawaida, si ugomvi.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Ni nani katika nyumba zetu anayeshika kostiki, asidi, klorini au saruji? Amewahi kufundishwa?
2. Mitungi yetu 3 itakaa wapi, na nani atahakikisha imejaa?
3. Fanyeni igizo: mmoja amemwagikiwa, wengine wamwokoe. Hesabuni dakika 20 kwa saa. Mtashangaa zilivyo ndefu.

Mkutano ujao, kila mmoja amwambie walau kibarua mmoja maneno haya: maji kwanza, gari baadaye.