Huo muswada umefika wapi?

*Shikamoo Wakili. Kwenye kikundi chetu cha vikoba hupita ujumbe kwamba Bunge limepitisha umri wa kuolewa uwe miaka 18. Wiki inayofuata tunaambiwa bado. Binti yangu ana 15, na shemeji zangu wameanza maneno. Nitajuaje ukweli? – Mama B., Singida*

Marahaba, Mama B. Kinachowachanganya ni hilo neno "limepitisha". Mbunge akichangia kwa ukali, waziri akiahidi, hata Bunge likitoa azimio, sheria haijaguswa. Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 2019 kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vinavyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18, virekebishwe, lakini marekebisho yanahitaji muswada.

Muswada nao haukimbii. Ule wa Bima ya Afya kwa Wote ulisomwa mara ya kwanza Septemba 2022, ukapitishwa Novemba 2023. Baada ya kusomwa mara ya kwanza, muswada huenda kwenye kamati, na hapo ndipo wananchi huitwa kutoa maoni. Kisha mara ya pili, ya tatu, halafu saini ya Rais.

Kwa hiyo anayetuma ujumbe muulize: muswada unaitwaje, umesomwa mara ya ngapi, Rais amesaini? Akibabaika, fungua tovuti ya Bunge au pita ofisi ya mbunge wako.

Kuhusu binti, usisubiri Dodoma. Kama anasoma, tangu 2016 Sheria ya Elimu inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi. Shemeji wakianza kupokea mahari, nenda dawati la jinsia polisi au piga simu ya msaada kwa watoto, 116, bure.