Unga Usiochekechwa na Amali Idumuyo

Katika darasa letu hapa Mabanga limeulizwa suala ambalo kwa mtazamo wa kwanza halifanani na masuala ya dini. Ndugu mmoja, aliyeambiwa na daktari apunguze unga mweupe na sukari na arejee kwenye nafaka kamili na mboga, alitaka kujua kama dini yake ina neno juu ya jambo hili, au ni kazi ya tabibu peke yake. Suala hili tumeliona lina uzito. Maradhi ya sukari na shinikizo la damu yamekwisha kuingia katika nyumba nyingi baina ya Bungoma na Kitale, na tunawajua watu waliouza ng'ombe, kisha wakauza shamba, ili kugharimia mgonjwa mmoja. Kwa hivyo twalijibu kwa urefu kidogo.

Katika Sahihi ya Imamu Bukhari, katika mlango wa vyakula, imo hadithi ya Sahl bin Saad, radhi za Allah zimshukie. Abu Hazim alimuuliza kama Mtume, rehema na amani zimshukie, alikula mkate wa unga mweupe uliosafishwa. Sahl akamjibu kwamba tangu kupewa utume mpaka kufariki kwake hakuuona unga huo. Akaulizwa kama walikuwa na chekecheke zama hizo, akasema Mtume hakuiona hata hiyo. Muulizaji akastaajabu: shayiri isiyochekechwa walikuwa wakiilaje? Akaelezwa kwamba walikuwa wakiisaga, kisha wakiupuliza unga wake kwa pumzi. Cha kuruka kikaruka, na kilichosalia wakakitia maji wakakila.

Sasa ndugu zetu wasifanye haraka. Asije mtu akatoka hapa akasema kuwa chekecheke ni haramu, au kwamba jirani yake alaye sembe nyeupe ameiacha Sunna. Imamu Ghazali, katika kitabu chake cha Ihya, ameyataja mambo manne yaliyozuka baada ya zama za Mtume: meza za kulia, chekecheke, ushnani wa kunawia mikono, na kushiba sana. Kisha akaeleza kwa insafu kwamba si kila lililozuka limekatazwa. Chekecheke ni ya kukifanya chakula kiwe kizuri, nayo ni halali maadamu mtu hakuvuka mpaka wa anasa. Lililo zito kuliko yote manne, akasema, ni huko kushiba. Tazama mizani ya mwanachuoni huyu! Wengi wetu twabishana juu ya chekecheke na hali matumbo yetu tumeyasahau, ilhali hadithi ya Miqdam aliyoipokea Tirmidhi imetufunza kuligawa tumbo: thuluthi ya chakula, thuluthi ya maji, na thuluthi ya pumzi.

Basi hukumu ya sharia ni hiyo, na ni nyepesi. Linalobaki ni la siha, na humo ndimo penye maneno.

Punje ya mahindi ina sehemu tatu. Ganda la nje ndilo litoalo pumba, na humo mna nyuzinyuzi zinazolisaidia tumbo kufanya kazi yake na kuichelewesha sukari isimiminike ghafula katika damu. Katikati mna wanga, ambao ndio mwingi. Na pembeni pana kiini, pale mche utokapo, penye mafuta, vitamini na madini. Kinu cha kukoboa huondoa ganda na kiini, kikatuachia wanga. Wenye viwanda hawafanyi hivyo kwa kutuonea. Mafuta ya kiini huchacha upesi, na unga wenye kiini hauwezi kukaa dukani miezi mingi. Lakini natija yake ni ya ajabu kidogo. Mwaka 2012 sheria ya Kenya iliwalazimisha wasagaji kuutia unga wa pakiti vitamini na madini, kama vile chuma, zinki na vitamini A. Yaani twaondoa kwa mashine moja, kisha twarudisha kwa mashine nyingine, na twalipia kazi zote mbili! Na katika kurudisha huko nyuzinyuzi hazimo; hizo zimekwisha kwenda kwa kuku na ng'ombe, nao wamenufaika.

Wazee wa nchi hii hawakuanza na mahindi. Chakula chao kilikuwa wimbi, ambao Wabukusu huuita bulo, pamoja na mtama. Mahindi meupe yalienea katika zama za walowezi. Mwaka 1955 kituo cha utafiti cha Kitale kilianza kazi ya kuzalisha mbegu bora, na mwaka 1964 ikatoka mbegu ya mahuluti iitwayo H611, ikajaza maghala ya Trans Nzoia. Kisha ikaja miwa. Kiwanda cha sukari cha Nzoia kilianza kusaga mwaka 1978, na mashamba yaliyokuwa ya chakula yakawa ya biashara. Hatuyalaani mahindi. Yamewalisha mamilioni, na mwenye njaa hachaguliwi nafaka. Tusemalo ni kwamba wimbi uliachwa kwa sababu kazi yake ya palizi na mavuno ni nyingi, wala haukuachwa kwa kuwa ni dhaifu. Gramu 100 za wimbi zina zaidi ya miligramu 300 za chokaa ya mifupa, ambayo katika mahindi ni kidogo mno. Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2023 kuwa mwaka wa nafaka za jamii ya wimbi na mtama, na sisi tulio na mbegu hiyo mlangoni twaiona ni uji wa watoto na wazazi.

Madaktari waliofanya kazi katika Afrika ya Mashariki wameandika mambo ambayo yatupasa kuyasoma. Mwaka 1929 daktari Donnison, aliyekuwa upande wa Ziwa Nyanza nchini Kenya, aliandika katika jarida la Lancet kwamba shinikizo la damu la wenyeji aliowapima halikupanda na umri kama lilivyopanda kwa Wazungu. Daktari Hugh Trowell alitibu Kenya na Uganda kwa miaka karibu thalathini. Mwaka 1956, yeye na mwenzake waliandika katika jarida la tiba la Afrika ya Mashariki habari za Mwafrika mmoja mwenye maradhi ya mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja! Ugonjwa ambao leo hauandikiwi hata barua, ulikuwa adimu kiasi cha kuandikiwa makala. Huyo Trowell, pamoja na Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi miaka mingi Uganda, walitoa kitabu mwaka 1975 wakishikilia kwamba chakula kilichokobolewa na sukari vina mkono katika maradhi haya.

Mwenye insafu atasema: wazee hao walitembea kwa miguu, walilima kwa jembe, na wengi walikufa kwa malaria na ndui kabla ya kufika umri wa maradhi ya moyo. Ni kweli, wala hatudai kuwa pumba peke yake ndiyo ngome. Lakini utazame utafiti uliochapishwa mwaka 1990 juu ya Wajaluo waliohama vijijini kwao wakaenda Nairobi. Watu ni wale wale, damu ni ile ile, na baada ya muda mfupi tu shinikizo lao lilikuwa juu kuliko la wenzao waliobaki nyumbani, na chumvi waliyokuwa wakila ilikuwa imezidi. Na uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 uliona kwamba karibu robo ya watu wazima wa Kenya wana shinikizo la damu lililopanda. Kilichobadilika ni maisha, na sehemu kubwa ya maisha ni sahani.

Hapa twataka kusema neno na wanaume. Mama wa nyumba akisonga ugali wa unga usiokobolewa uliochanganywa na wimbi, ni nani anayeusukuma na kusema kwamba amepewa chakula cha dhiki? Mgeni akija, ni nani anayetuma mtoto dukani akanunue unga mweupe ili asiaibike? Tumeufanya weupe wa ugali kuwa cheo. Na mboga nazo zimeingia katika kibri hicho: mrenda, mnavu, saga, kunde na mito, zilizo nyuma ya jiko, huonekana ni za maskini. Mnavu una uchungu, nao hupungua kwa kutiwa maziwa. Hapana haja ya kuuchemsha mpaka ukafa na maji yake yakamwagwa, kwani vitamini nyingi huenda na maji hayo. Twasikia wengine wakinunua vidonge vya vitamini mjini, kisha wakirudi nyumbani wang'oa mnavu kama magugu.

Sukari hatutairefusha, kwa kuwa kila mtu aijua. Shirika la Afya Duniani lapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu ya chakula cha siku, na ikiwa nusu ya hapo, yaani kama gramu 25, ni bora zaidi. Chupa moja ya soda ya mililita 300 yaweza kuwa na gramu 30. Hesabu basi futari ya baadhi yetu katika Ramadhani: chai ya vijiko vitatu, soda, mandazi, kaimati. Mtu amefunga mchana kutwa, akafungua kwa kile ambacho hata asiyefunga angekiogopa.

Sasa tuje kwenye lile lililo gumu, nalo ni kudumu. Mwenye kuambiwa na daktari habari mbaya hutoka na azma ya simba. Wiki ya kwanza halambi sukari, hali nyama, amka yake ni kabla ya alfajiri kwenda kutembea. Wiki ya tatu utamkuta mkahawani. Bibi Aisha, radhi za Allah zimshukie, amepokea kutoka kwa Mtume, na imo katika Bukhari na Muslim, kwamba amali ipendezayo zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni ile yenye kudumu hata ikiwa ni kidogo. Wanavyuoni wameisoma hadithi hii katika ibada, na hekima yake yafika mpaka jikoni.

Wataalamu wa chuo kikuu kimoja cha London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, waliwafuatilia watu 96, kila mmoja akiwa amechagua jambo dogo la kula, kunywa au kufanya mazoezi, na kulifungamanisha na wakati maalumu wa siku. Kwa wastani jambo hilo lilikuwa mazoea baada ya siku 66. Wengine walichukua siku 18, na mwingine alikadiriwa kuhitaji 254. Waliona vilevile kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kazi. Yaani ni Ramadhani mbili na siku kadhaa. Mwenye kukata tamaa katika wiki ya tatu alikuwa bado njiani, wala hakuwa ameshindwa.

Na sisi Waislamu tumepewa vigingi vitano vya kufungia mazoea yetu kila siku. Mtu aanze na moja tu. Baada ya sala ya Alfajiri, uji wa wimbi usio na sukari badala ya chai na mkate. Utakapokuwa huo ni desturi isiyohitaji kukumbushwa, aingie la pili: kwenda Adhuhuri kwa miguu na kuacha pikipiki. Katika unga, asibadilishe wote kwa siku moja hata watoto wakagoma. Achanganye kibaba kimoja cha wimbi katika vibaba vitano vya mahindi yasiyokobolewa, na aongeze kidogo kidogo kila mwezi.

Na ahadhari na wauza chupa. Wapo wanaozunguka misikitini baada ya Ijumaa na unga na mafuta wanayoyaita tiba ya Sunna, kila chupa yaponya maradhi arubaini. Ndugu hutoa mamia ya shilingi, na nyumbani anakula vile vile alivyokuwa akila. Na mgonjwa aliyepewa dawa na daktari asiziache kwa sababu ya uji wetu. Chakula kikimsaidia, daktari mwenyewe atakiona kipimo na atapunguza.

Limebaki suala la mama mmoja aliyeuliza kama unga usiokobolewa hauna hatari ya sumu ya ukungu. Swali lake ni la mwenye akili. Sumu hiyo, iitwayo aflatoksini, hukaa zaidi katika ganda na kiini, na mwaka 2004 iliua watu 125 katika sehemu za Ukambani na jirani zake. Kwa hiyo mwenye kula punje nzima ana wajibu zaidi wa kuitazama punje yake. Mahindi yaanikwe juu ya turubai wala yasianikwe juu ya udongo, yaliyooza na kubadilika rangi yatupwe, na yasitiwe guniani kabla ya kukauka. Chuo cha mafunzo ya wakulima hapa Mabanga kipo karibu, na mwenye shaka na akaulize. Asiyeweza kufika achukue chupa ya kioo iliyokauka, atie mahindi hadi robo yake na chumvi kavu kiasi cha vijiko vichache, aifunge, aitikise kwa dakika chache, kisha aiache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yarudi juani. Isiponata, ayapeleke kinuni, lakini asage ya wiki mbili tu kwa mara moja, kwa maana unga wenye kiini huchacha.