Somo la Mwezi: Kununua Pikipiki Kuukuu ya Kwenda Kazini Kila Siku

Wakazi wengi wa kaunti hii huondoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni kwa pikipiki. Pikipiki mpya ina bei, hivyo wengi hutafuta iliyokwisha kutumika. Hapo ndipo mwananchi anapoweza kuokoa pesa nyingi, na ndipo anapoweza pia kupoteza akiba ya mwaka mzima kwa siku moja. Pikipiki ya wizi hutwaliwa na polisi na pesa zako hazirudi. Yenye deni hufuatwa na mkopeshaji, na yenye breki mbovu huweza kugharimu maisha.

Somo hili lina jambo moja kuu: usinunue rangi wala stika, nunua hati na hali. Fuata hatua kwa mpangilio tulioutoa. Ukikwama katika hatua moja, usiruke kwenda inayofuata.

Hatua ya 1: Hati kabla ya injini

Kazi ya kusajili pikipiki si ya serikali ya kaunti. Hufanywa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, kupitia mtandao wa eCitizen. Asiye na simu ya intaneti anaweza kusaidiwa katika Huduma Centre.

Kabla ya kuwasha injini, mwombe muuzaji vitu vitatu: logibuku, kitambulisho chake cha kitaifa, na nambari ya usajili ya pikipiki, ile inayoanza na herufi KM. Kisha tafuta rekodi ya pikipiki hiyo katika akaunti yako ya NTSA. Kuna ada ya kulipa, lakini ni ndogo ukilinganisha na hasara ya kununua mali isiyo ya muuzaji. Linganisha mambo haya:

- Jina lililo kwenye rekodi ni lile lililo kwenye kitambulisho?
- Kuna jina la pili, kama vile la benki au kampuni ya mikopo? Likiwepo, pikipiki ina deni au haijaondolewa kwenye rekodi ya mkopo. Muuzaji amalize jambo hilo kwanza.
- Nambari ya chesisi kwenye rekodi ni ile iliyogongwa kwenye chuma? Katika pikipiki nyingi iko kwenye shingo ya fremu, karibu na usukani. Geuza usukani upande mmoja, futa vumbi na uisome mwenyewe. Ukiona chuma kimepigwa tupa, kimechomelewa au kimepakwa rangi mpya mahali hapo tu, ondoka.
- Nambari ya injini, ambayo hugongwa kwenye kando ya injini, inalingana? Injini huweza kubadilishwa kihalali, lakini mabadiliko hayo yanapaswa kuonekana kwenye rekodi.

Muuzaji akikwambia, "Logibuku iko kwa shangazi, wewe chukua tu, tutamalizana," mjibu kwa upole: "Sawa ndugu yangu, ikifika nipigie, nami nitakuja na pesa." Mwenye mali halali hatakasirika.

Hatua ya 2: Uliza ilifanya kazi gani

Umri wa pikipiki peke yake hauelezi mengi. Pikipiki ya miaka minane iliyompeleka mwalimu shuleni huweza kuwa nzima kuliko ya miaka miwili iliyobeba abiria na magunia. Piga hesabu hii: kilomita 100 kwa siku, mara siku 300, ni kilomita 30,000 kwa mwaka.

Usiamini mita ya kilomita peke yake, kwa kuwa hukatika waya na hubadilishwa. Angalia mahali ambapo mkono na mguu hugusa kila siku: mipira ya kukanyagia, pedali ya breki, vishikio vya usukani na kiti. Mita ikisoma kilomita 9,000 huku mpira wa kukanyagia umelika hadi kwenye chuma, mita hiyo haisemi kweli. Angalia pia fremu chini ya kiti na pale keria inaposhikana nayo. Alama za kuchomelewa hapo huonyesha ilibeba mizigo mizito.

Hatua ya 3: Ikague ikiwa baridi

Mwambie muuzaji mapema asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa injini. Ikiwa ina joto, huenda aliiwasha makusudi kwa sababu asubuhi inasumbua. Subiri ipoe.

*Moshi.* Washa na usimame nyuma ya ekzosi. Moshi wa buluu usiokoma ni oili inayoungua: ringi za pistoni au sili za valvu zimechoka, na injini itahitaji kufunguliwa. Moshi mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi, na mara nyingi kabureta au kichujio cha hewa hutosha kurekebishwa. Mvuke mweupe wa dakika chache asubuhi ya baridi si tatizo.

*Oili.* Tazama kiwango chake. Oili nyeusi ni ya zamani tu, lakini oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji.

*Cheni na sproketi.* Vuta cheni kutoka nyuma ya sproketi kubwa. Ikiinuka hadi ukaona nusu ya jino, imekwisha. Meno yaliyochongoka au kulala upande mmoja ni dalili hiyo hiyo. Cheni na sproketi zake mbili hubadilishwa pamoja, la sivyo kuukuu hula mpya.

*Foku za mbele.* Shika breki ya mbele na ukandamize usukani chini mara kadhaa. Oili ikionekana kwenye mabomba, sili zimepasuka. Oili hiyo ikifika kwenye breki, hutasimama pale unapotaka.

*Beringi.* Inua gurudumu la mbele, kisha geuza usukani polepole. Ukikwama katikati kama unaingia kwenye shimo dogo, beringi za shingo zimekula. Tikisa kila gurudumu kushoto na kulia, kisha tikisa mkono wa nyuma unaoshika gurudumu. Mlio wa kugonga si mzuri.

*Tairi.* Usitazame kina cha vijia peke yake. Tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira wa zamani hukauka, hupasuka nyufa ndogo na huteleza kwenye lami yenye maji hata kama vijia vingali virefu.

*Umeme.* Jaribu taa zote, indiketa, honi na taa ya breki. Fundi mwenye mita apime betri injini ikiwa inanguruma kwa kasi ya kati. Katika mfumo wa volti 12, kipimo kikiwa kati ya volti 13.5 na 14.5, chaji inaingia.

Baada ya hapo iendeshe, au mwombe fundi unayemwamini, si wa muuzaji, aiendeshe. Gia zote ziingie bila kuchomoka. Klachi isiteleze injini inapopanda mlima, yaani mngurumo usipande huku mwendo ukibaki pale pale. Ikienda moja kwa moja, isivute upande. Ikivuta, huenda fremu au foku zilipinda katika ajali.

Je, supermoto inafaa?

Vijana wengi hupenda pikipiki ndefu za mtindo wa supermoto. Asili yake ni Marekani: mwaka 1979 runinga ya ABC ilionyesha mashindano yaliyoitwa Superbikers huko Carlsbad, California, ili kuona nani hodari zaidi wa kuendesha kwenye lami na vumbi kwa pamoja. Waendeshaji walichukua pikipiki za vumbi na kuzibadilisha ziweze kukata kona za lami. Hadi leo muundo ni huo: fremu ndefu na nyepesi ya pikipiki ya vumbi, lakini magurudumu ya inchi 17 yenye tairi pana za lami, na breki ya mbele yenye nguvu.

Mjini ina faida zake. Ukikaa juu unaona mbali, usukani mpana huzunguka upesi, na foku ndefu humeza matuta. Lakini chukua mfano wa Suzuki DR-Z400SM, mojawapo ya zinazojulikana zaidi. Ina injini ya cc 398, kiti chake kiko takriban sentimita 89 kutoka chini, na tangi lake ni la lita 10 hivi. Mtu mfupi hatafikisha nyayo zote mbili chini anaposimama kwenye foleni. Tairi za lami huteleza kwenye murram iliyonyeshewa. Valvu zake hurekebishwa kwa visahani vya vipimo maalum, wakati injini nyingi za cc 100 hadi 150 zilizozoeleka hapa hurekebishwa kwa skrubu na nati, na fundi yeyote wa kituoni anajua kazi hiyo.

Ukiipata kuukuu, uliza kwanza: ni ya barabarani au ya mashindano? Injini ya mashindano huhesabiwa umri wake kwa saa, si kilomita, na huhitaji oili na matengenezo kila baada ya muda mfupi. Hiyo si ya kwenda kazini. Ya barabarani inaweza kukufaa ikiwa njia yako ni ya lami, ikiwa una fundi anayeijua, na ikiwa umekwisha kuuliza bei ya vipuri na siku za kuvisubiri. Kumbuka, siku za kusubiri kipuri ni siku za kulipa nauli.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya mwezi

Tuseme unaishi kilomita 18 kutoka kazini. Kwenda na kurudi ni kilomita 36. Kwa siku 22 za kazi ni kilomita 792.

- Pikipiki ya cc 100 inayokwenda kilomita 40 kwa lita: takriban lita 20 kwa mwezi.
- Supermoto ya cc 400 inayokwenda kilomita 20 kwa lita: takriban lita 40 kwa mwezi.

Zidisha kwa bei ya petroli inayotangazwa na EPRA tarehe 14 ya kila mwezi. Ongeza oili, bima na akiba ya tairi, kisha linganisha na nauli unayolipa sasa.

Pia, usimalize pesa zote kwenye bei ya kununua. Ukiwa na shilingi 80,000, tafuta pikipiki ya shilingi 64,000 na ubakize 16,000, yaani moja ya tano, kwa ajili ya oili, viatu vya breki, cheni au tairi. Pikipiki kuukuu isiyodai chochote mwezi wa kwanza ni nadra.

Hatua ya 5: Malipo na kuhamisha umiliki

Andikeni mkataba mbele ya shahidi: majina, nambari za vitambulisho, nambari za usajili, chesisi na injini, bei, tarehe na saa ya kukabidhiana. Lipa kwa benki au M-Pesa ili jina la mpokeaji libaki kwenye kumbukumbu, na jina hilo liwe la mwenye logibuku.

Muuzaji huanzisha uhamisho kwenye akaunti yake, nawe unaukubali kwenye yako. Nyote mnahitaji PIN ya KRA. Mfanye hivyo mkiwa pamoja, siku ya malipo. Chini ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, pikipiki iliyouzwa haipaswi kutumika barabarani zaidi ya siku 14 bila mmiliki mpya kusajiliwa. Sheria hiyo humhesabu aliye kwenye rekodi kuwa ndiye mwenye mali hadi ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo muuzaji naye yuko hatarini: ajali ikitokea, atakayetafutwa kwanza ni yeye.

Kabla ya kuingia barabarani

Uwe na leseni ya daraja la pikipiki. Chukua bima yako mwenyewe. Bima ya watu wengine, inayotakiwa na Sura ya 405, hailipi pikipiki yako ikiibwa. Wewe na abiria wako mvae helmeti na koti la kuakisi mwanga. Sheria inaruhusu abiria mmoja tu.

Maswali ya kujipima

1. Muuzaji ana logibuku, lakini rekodi ina jina lake pamoja na la kampuni ya mikopo. Utafanya nini kabla ya kulipa?
2. Tairi ina vijia virefu na alama 1015. Ina tatizo gani?
3. Umefika, injini ina joto. Hatua yako ni ipi?
4. Kazi yako iko kilomita 10 kutoka nyumbani, nusu ya njia ni murram. Kati ya cc 100 na supermoto, ipi itakufaa, na kwa sababu gani?

Ukiweza kujibu yote manne bila kurudi nyuma kusoma, uko tayari kwenda kuiona. Nenda mchana, nenda na fundi, na uache pesa nyumbani siku ya kwanza.