Kuisahihisha Negativu Iliyofifia au Iliyokolea Mno

Weusi tuuonao katika negativu ni chembechembe za madini ya fedha. Palipopata mwanga mwingi fedha ni nyingi, na penye kivuli ni kidogo. Tofauti baina ya peusi na peupe huitwa kontrasti. Picha iliyopigwa asubuhi ya ukungu huko Mbulu huwa na kontrasti ndogo. Iliyopigwa mchana juu ya chumvi nyeupe ya Ziwa Balangida, chini ya Mlima Hanang, huwa na kontrasti kali.

Njia ya kusahihisha ni hii. Kwanza negativu huoshwa vema, isibaki hipo hata kidogo. Maana hipo ikikutana na ferisianidi, fedha huyeyuka na picha hupotea. Kisha hupaushwa katika maji yenye potasiamu ferisianidi na potasiamu bromidi, na fedha hugeuka kuwa bromidi ya fedha. Halafu huoshwa mpaka umanjano uishe, ndipo husafishwa upya katika mwanga wa kawaida.

Kontrasti ikiwa kali, hutumiwa dawa dhaifu ya kusafishia, na kazi husimamishwa mapema. Sehemu nyembamba huwa zimekwisha kurudi, nene bado. Hipo huondoa bromidi iliyosalia. Kontrasti ikiwa ndogo, hupaushwa kwa potasiamu daikromati na asidi ya haidrokloriki. Ikisafishwa upya, kromiamu huongezeka pamoja na fedha, na picha hukolea.

Lakini dawa hizi si za mchezo. Daikromati ni sumu na huleta saratani. Ferisianidi ikichanganywa na asidi kali yaweza kutoa gesi ya kuua. Kazi hii ifanywe mbele ya mwalimu, kwa glavu, na maji yake yasimwagwe mtoni.

Bibi yangu, aishiye Dongobesh, anayo negativu moja tu ya marehemu babu, nayo imefifia. Aliniuliza kama kemia yaweza kuirudisha sura yake. Nilimjibu kwamba dawa hukoleza kilichomo. Ambacho filamu haikukinasa, dawa haiwezi kukiumba. Tena, kosa likitokea, fedha iliyoyeyuka hairudi. Basi tumeinakili kwanza kwa kamera ya simu, na bibi amekubali kungoja.

Nanyi wazazi, mkiwa na negativu za namna hiyo, zinakilini kabla ya kuzigusa kwa dawa. Nasi wanafunzi tujaribu kwanza kwa zile ambazo hakuna atakayezililia.