Andika Wasifu wa Mama Ukianzia Kihambani



Wadogo zangu, leo naijibu barua moja tu, kwa kuwa haiwezi kungoja. Mdogo wangu mmoja wa Machame, mlimani Kilimanjaro, kitinda mimba kwao, amefiwa na mama yake mzazi, aliyezaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kikao cha ukoo kimempa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. Kaka zake wameshamtumia rasimu kwa simu, yeye aipige chapa tu. Anasema ameisoma mara nyingi na mama yake hamwoni humo ndani. Anauliza kama ni utovu wa adabu kuibadilisha, na kama si utovu wa adabu, aanzie wapi.

Pole sana mdogo wangu, Mungu akutie nguvu. Hapana, si utovu wa adabu. Kaka zako wamefiwa kama wewe, nao wameandika vile tulivyozoea kusikia misibani: kuzaliwa, ubatizo, kipaimara, ndoa, watoto na vyeo vyao, halafu ugonjwa. Ugonjwa ndio umechukua nusu ya karatasi. Presha ilianza lini, alilazwa wapi, akaruhusiwa, akapelekwa rufaa, akarudi. Miaka zaidi ya 60 ya kulima na kulea imepewa sentensi moja, kwamba alikuwa mama mwenye bidii na mcha Mungu. Ugonjwa upe sentensi mbili, uwashukuru madaktari na wauguzi, basi. Karatasi iliyobaki ni ya maisha yake.

Anzia kihambani, kwenye shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba. Ng'ombe wa mlimani hapelekwi machungani, analishwa bandani, na anayemlisha ni mama. Majani yalikatwa mbali, mara nyingi kule chini tambarare, yakafungwa mzigo, ngata ikakaa kichwani, mzigo ukapandishwa mlima kwa miguu. Ng'ombe akala majani hayo pamoja na mgomba uliokatwakatwa. Samadi ikarudi kwa ndoo kwenye migomba, na migomba ikaipa kahawa kivuli. Kahawa yenyewe ilichumwa ile iliyoiva nyekundu tu, ikamenywa kwa mashine ya mkono, ikalowekwa, ikaoshwa, ikaanikwa kwenye chanja, na wingu likitanda mtu anaacha chungu jikoni anakimbia kuifunika. Wewe unayajua haya kwa sababu uliyafanya nyuma yake. Wajukuu waliozaliwa Dar es Salaam na ng'ambo hawayajui, na siku ya mazishi watakuwa wamekaa mstari wa mbele wakisikiliza. Waandikie wao.

Kisha andika fedha. KNCU, ushirika wetu wa kahawa ulioanzishwa mwaka 1933, ulimlipa mwanachama, na mwanachama karibu kila nyumba alikuwa baba. Kahawa ikawa ya baba. Ndizi na maziwa vikawa vya mama, tena havikuhesabiwa kuwa fedha ya maana. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakishikilia bei ya kahawa nayo yakavunjika, bei ikaanguka, na watu wengi mlimani wakaiacha mibuni bila kuipogoa. Nyumba zikasimama kwa mikungu iliyoshushwa sokoni na chupa za maziwa zilizouzwa alfajiri. Angalia ni miaka gani wewe na kaka zako mlikuwa sekondari. Kama ni miaka hiyo, basi hao madaktari na wahandisi waliojaa kwenye rasimu wamesomeshwa kwa ndizi na maziwa, na inafaa hilo lisemwe kwa kipaza sauti mbele ya jeneza lake.

Najua kaka mkubwa atakuja juu kwamba umegeuza wasifu kuwa hesabu za shamba, na mama alikuwa mtu wa kanisa. Mjibu kwa upole. Sisi Walutheri hatuna sababu ya kuona haya hapo. Martin Luther, aliyewahi kuwa mtawa, aliandika mwaka 1522 kuhusu maisha ya ndoa, akasema baba anayefua nepi za mwanawe kwa imani, hata watu wakimcheka, Mungu na malaika wanamfurahia. Na Katekisimu yake Ndogo, ambayo mama alifundishwa kabla ya kipaimara, inapoeleza kuamini Mungu Muumba inataja nguo, chakula, nyumba, mashamba na mifugo kuwa ni mkono wa Mungu kwetu. Mafundisho hayo yalifika Machame mwaka 1893, wamisionari wa Leipzig walipofungua hapo kituo chao cha kwanza mlimani. Mama aliyapokea, akaenda nayo bandani. Ukimtenganisha mcha Mungu na mkulima unampunguza pande zote mbili.

Kwa hiyo usiishie kusema alimcha Mungu. Sema alivyomcha. Kila Mlutheri wa mlimani anajua mnada wa baada ya ibada: mikungu, mayai, maziwa, kuku, maparachichi, vimepangwa nje ya kanisa, mzee wa kanisa ananadi, mtu ananunua na kurudisha ili kiuzwe tena. Mkungu wa mama yako ulitoka wapi? Katika barua yako umeniambia jambo ambalo rasimu haina, kwamba mgomba wa Jumapili aliuchagua mapema, akaufunga kitambaa, na mtoto aliyeusogelea aliambiwa ule si wetu. Hicho kitambaa kiandike. Watu wa usharika wake wakikisikia watamwona amesimama.

Nenda leo jioni kwa wale mama wawili watatu wa jumuiya yake waliobaki. Usiwaulize alikuwa mtu wa namna gani, maana watakujibu kwamba alikuwa mtu mwema, na utarudi mikono mitupu. Waulize jumuiya ilipokuwa zamu yake alipika nini. Waulize wimbo gani aliuanzisha bila kufungua kitabu. Waulize ni nani alimpelekea kuni au maji bila kutumwa. Waulize amewapikia mtori wanawake wangapi waliojifungua, maana mama wa rika lake alikaa na mzazi mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, akimkanda na kumlisha, kisha akarudi kwenye majani ya ng'ombe. Wifi zako, wake wa kaka zako, wana mengi ya kusema hapo kuliko hao kaka wenyewe. Jambo jingine nalipenda sana. Mama alikuwa anakaribia miaka 60 kanisa letu lilipoanza kuwabariki wanawake kuwa wachungaji, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Uliza alisema nini siku ile. Kama alipiga vigelegele, viandike. Kama hakukubali, usimbadilishe leo akiwa hawezi kukujibu, pita hapo kimya.

Sasa yale mazito.

Rasimu inasema mama alijaliwa watoto 9, wawili wakatangulia mbele za haki, na inaendelea na mtoto wa kwanza na shahada zake. Hao wawili wana majina, mdogo wangu. Mama yako aliyabeba miaka yote hiyo. Nenda ofisi ya usharika uombe kitabu cha ubatizo, utayakuta pamoja na tarehe na majina ya wadhamini. Kama mmojawao alifariki kabla ya kubatizwa, andika kwamba alikuwa mtoto wa kike au wa kiume aliyeishi siku chache. Wataje kwenye nafasi zao katika mpangilio wa kuzaliwa, msiwaweke mkiani. Nimeona mara nyingi akina mama wazee wakiinua uso msibani pale majina ya watoto kama hao yanaposomwa.

Na lile la baba, kwamba aliishi mjini miaka mingi na mwanamke mwingine. Msibani si mahali pa kulifungua. Baba ni marehemu, watoto wa upande ule watakuwepo, na mama mwenyewe, kwa unavyonieleza, aliwapokea. Lakini ile sentensi ya kaka zako kwamba wazazi waliishi kwa furaha na amani hadi kifo kilipowatenga, iondoe. Kijiji kizima kinajua sivyo, na mtu anayesikiliza uongo mmoja anaanza kutilia shaka yote mengine mazuri. Andika kwamba kwa miaka mingi aliishika nyumba peke yake, akalea, akasomesha, akalinda kihamba. Ni kweli, haimtukani mtu, na inampa haki yake.

Ninyi wengine ambao mama zenu wapo hai, msingoje kikao cha ukoo. Ukienda nyumbani Desemba usimkalishe sebuleni na kumwekea simu mdomoni arekodiwe, atakupa majibu mafupi ya heshima. Kaa naye akimenya ndizi, umenye na wewe. Miaka akiisahau mpe matukio: alikuwa ameshaolewa Marealle alipochaguliwa Mangi Mkuu, mtawala wa Wachagga wote, mwanzoni mwa miaka ya 1950? Mwenge ulipopandishwa Kibo, kileleni Kilimanjaro, usiku wa uhuru mwaka 1961, alikuwa na mtoto gani mgongoni? Vita vya Kagera, foleni za sukari na sabuni, nani alikuwa shule? Andika usiku huohuo kabla hujalala.

Turudi kwako. Ukurasa mmoja na nusu wa chapa unatosha, ni kama dakika 6 au 7 ukisomwa taratibu, na mchungaji hatakukatisha. Shahada za kaka zako zibaki, ni heshima ya mama pia, ila zikae mwisho, kila mtoto mstari mmoja. Kaka mkubwa mpe asome kabla ya mtu mwingine yeyote, peke yake, usimpe mbele ya kikao. Nadhani akifika kwenye mgomba wenye kitambaa hatabishana tena. Usisome wewe kanisani, hutamaliza. Mtafute mjukuu mwenye sauti, afanye mazoezi mara mbili, na yale majina mawili kutoka kitabu cha ubatizo ayatamke sawasawa. Mchungaji apate nakala siku moja kabla. Nitumie na mimi ukimaliza, hata kama ni usiku wa manane. Nitakuwa macho.

Dada yenu