Mguu Mmoja Kwanza, Mdogo Wangu

Wadogo zangu, leo nampa nafasi yote msomaji mmoja wa Londiani, kwa kuwa swali lake lina mafunzo kwa kila mwenye kazi ya mikono iliyomshinda katikati. Kaka yake aliye Ghuba alimtumia sanduku la roboti ya Gundam ya kuunganisha, ile kubwa ya kipimo cha 1/60. Amekwama mguuni. Goti halikunjiki, kipande cha paja kimegoma kuingia, na supagluu ameshainunua. Juu ya hayo, baba yake, mchuma chai wa zamani, hataki hata kuiona roboti hiyo sebuleni. Kijana anauliza: abandike amalize, au afunge sanduku?

Mdogo wangu, usibandike, na usifunge sanduku. Nisikilize kwanza.

Kwa wasioijua, Gundam ni roboti ya katuni ya Kijapani iliyoanza kuonyeshwa kwenye televisheni mwaka 1979. Mwaka uliofuata kampuni ya Bandai ilianza kuuza vielelezo vyake vya plastiki vya kuunganisha, na hadi leo vinatengenezwa mjini Shizuoka. Katika hadithi, Gundam ya kwanza ina urefu wa mita 18. Gawa kwa sitini, unapata sentimita 30, sawa na rula ya shule. Ndani ya sentimita hizo 30 mna mamia ya vipande, na mguu ndio wenye kazi nzito kuliko yote, kwa kuwa lazima ukunjike na papo hapo ubebe mwili mzima.

Sasa hiyo gundi. Vielelezo vya mwaka 1980 vilihitaji gundi na rangi. Vya siku hizi vimetengenezwa vibanane vyenyewe, kigingi ndani ya tundu, na plastiki imeshatiwa rangi kiwandani. Supagluu ni nyepesi kama maji. Ukiitia penye paja, itapenya hadi kwenye ekseli ya goti na kuigandisha, na mvuke wake utaacha ukungu mweupe juu ya plastiki usiofutika kwa kitambaa. Utakuwa umepata mguu wa sanamu. Rudisha gundi hiyo kwenye droo, itakufaa siku soli ya kiatu itakapobanduka.

Kipande kinapogoma, kina sababu, na mara nyingi sababu ni moja kati ya tatu. Ya kwanza ni kinundu. Kila kipande huja kikining'inia kwenye fremu yake kwa kikonyo chembamba cha plastiki. Ukikikata vibaya, kinabaki kinundu kidogo ambacho jicho hupita bila kukiona, lakini kikiwa ukingoni mwa tundu kinatosha kuzuia paja lisifunge. Pitisha ukucha juu ya kingo zote, utakihisi. Ya pili ni kipande kilichogeuzwa. Vile vikombe laini vya kijivu vinavyokaa ndani ya viungo vinaonekana sawa pande zote, ila vingi vina upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Ukikigeuza, goti litaingia lakini halitakunjika. Ya tatu ni kulia na kushoto. Vipande vya miguu miwili ni kama ndugu pacha, na tofauti yao huwa ni mwelekeo wa kigingi kimoja tu. Ukichanganya, kila kitu kitakaa sawa mpaka hatua ya mwisho, ndipo kigome.

Kwa hiyo rudi nyuma. Usichokonoe kwa kisu, maana kisu kitakwangua plastiki au kidole chako. Chukua kadi ya plastiki iliyokwisha muda wake, ingiza pembe yake kwenye mshono, zungusha taratibu mpaka pande mbili ziachane. Kisha linganisha kila kipande na mchoro wa kitabu cha maelekezo, kimoja kimoja. Maandishi ya Kijapani yasikutishe: fremu zina herufi, vipande vina namba, na mishale inaonyesha upande. Alama nyingine zimeelezwa kwa picha kurasa za mwanzo. Kurasa hizo ndizo watu huziruka wakiwa na hamu ya kuona kichwa, na ndizo zinazowagharimu miguuni.

Ukishalipata kosa, jenga mguu mmoja mpaka mwisho kabla ya kugusa wa pili. Najua kitabu huandika ×2 pembeni, na inakushawishi ukate vyote kwa pamoja ili umalize upesi. Nakushauri usifanye hivyo mara hii. Mguu wa kwanza utakufundisha pale penye mtego, na wa pili utaujenga kwa utulivu, wa kwanza ukiwa mbele yako kama kielelezo. Fanya kama fundi wa bodaboda pale Londiani Junction anapofungua injini: hupanga bolti juu ya kipande cha katoni kwa mpangilio alioziondolea, ili asikisie wakati wa kurudisha. Nawe chukua katoni, chora mistari, andika paja, goti, muundi, kifundo, wayo. Kata vipande vya hatua moja tu, uviweke mahali pake.

Kata mara mbili. Mara ya kwanza kata mbali na kipande, ili kitoke kwenye fremu bila kuvutwa. Mara ya pili kata kikonyo karibu, ukiacha unene wa karatasi, kisha umalizie kwa msasa laini. Wauza vifaa vya rangi za magari huwa na msasa wa namba 600, 800 na 1000. Anza na 600, maliza na 1000. Plaisi ya fundi wa umeme ina meno mazito, hubana plastiki mpaka inaacha alama nyeupe. Tafuta ndogo yenye makali bapa.

Halafu kuna baridi. Londiani iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mnajua wenyewe asubuhi zake. Plastiki ikipata baridi huwa ngumu na hukatika upesi, hasa vigingi vyembamba. Shika kipande kwenye kiganja kwa muda kabla ya kukibana. Usikipeleke karibu na jiko, kitapinda. Na stima ikipotea, acha kazi hapo hapo. Wembe na mwanga wa mshumaa havipatani. Ukiamka kutoka mezani funika kila kitu, kwa sababu vipande hivi ni vidogo na mtoto mchanga huweka kila kitu mdomoni.

Kabla ya kuvisha mguu deraya yake ya nje, ukunje. Goti likunjike na kurudi, kifundo kizunguke, wayo ukae bapa mezani. Kasoro ya kiunzi cha ndani ikifunikwa na deraya, utaijua siku roboti itakapoanguka, na siku hiyo utafungua vipande vyote ulivyovifunga.

Sasa tuje kwa baba yako, mdogo wangu, maana hilo ndilo lililonigusa zaidi. Usimwone mshamba. Kericho yenu imegombania mashine za kuchuma chai kwa miaka mingi, na Mei 2023 kuna mashine zilizochomwa moto mashambani. Mtu aliyelisha nyumba kwa vidole vyake, kisha akaona mashine ikipita kwenye mistari aliyokuwa akiichuma, ana haki ya kutoipenda roboti, hata ya plastiki. Usibishane naye. Kazi za nyumbani zitangulie, ng'ombe wakamwe, kuni zipasuliwe, ndipo sanduku lifunguliwe. Kisha siku moja mwombe akusaidie kutafuta kinundu. Vidole vilivyochuma majani mawili na kichipukizi miaka yote hiyo vinajua kuhisi kitu kidogo kuliko macho yako. Mwonyeshe goti linavyofanya kazi. Umwambie ukweli pia, kwamba roboti hii haitakupa mshahara. Itakupa mkono uliozoea kufuata mchoro na kutafuta sababu kabla ya kutumia nguvu, na kijana mwenye mkono huo, akipenda, anaweza kwenda chuo cha ufundi akajifunza kutengeneza mashine za kweli. Mashine zimeshafika Kericho. Napenda watoto wa wachuma chai wawe miongoni mwa wanaozifungua na kuzitengeneza.

Na nyinyi wengine mlio na kazi iliyokwama mezani, iwe roboti, sweta au redio ya babu, fanyeni vivyo hivyo: msiongeze nguvu, rudini hatua moja, mtafute kinachozuia. Wewe wa Londiani, fungua hilo paja wikendi hii mchana, penye mwanga, na baba akiwa karibu. Goti likikunjika, niandikie.