Somo la Afya: Dawa Nne na Madhara Yake

Mwanzoni mwa muhula huu mwenzetu mmoja wa Kidato cha Pili alirudi kutoka hospitali akiwa hana unywele hata mmoja kichwani. Wako waliomcheka, na wako walioogopa kuketi naye dawati moja. Yote hayo yalitokana na kutojua. Basi, kwa ruhusa yake na ya wazazi wake, na tujifunze.

Ugonjwa wake ni limfoma, yaani saratani ya zile chembe nyeupe za damu ziitwazo limfositi, ambazo kazi yake ni kuukinga mwili. Hauambukizi kwa kuketi pamoja, wala kwa kula sahani moja. Si ugonjwa mgeni kwetu Afrika Mashariki: mwaka 1958 Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Uganda, alieleza uvimbe wa taya za watoto ambao hata leo waitwa limfoma ya Burkitt.

Aina nyingi za limfoma hutibiwa kwa dawa kadhaa pamoja. Mchanganyiko mmoja ujulikanao sana una dawa nne. Tatu hutiwa mshipani siku ya kwanza. Ya nne ni vidonge vya siku 5. Duru mpya huanza kila baada ya siku 21, na mara nyingi duru huwa 6.

Kwa nini dawa nne? Kila moja ina njia yake ya kuishambulia saratani, hata chembe iliyoponyoka dawa moja huuawa na nyingine. Tena sehemu kubwa ya madhara yao hayaangukii kiungo kimoja, na hivyo mwili waweza kustahimili. Tuyatazame.

1. Siklofosfamidi yaweza kuchoma kibofu cha mkojo. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa anywe maji mengi wala asizuie mkojo. Akiomba ruhusa kutoka darasani, apewe.

2. Doksorubisini ni nyekundu, na mkojo waweza kuwa mwekundu kwa siku moja au mbili. Hiyo ni rangi ya dawa, si damu. Ikizidi hudhoofisha moyo, kwa hiyo madaktari huhesabu jumla ya kipimo alichokwisha kupewa mgonjwa.

3. Vinkristini hutokana na mmea wa vinka, ambao asili yake ni Madagaska. Hugusa neva: vidole hufa ganzi na choo hufunga. Mwenye ganzi akichelewa kuandika, si mvivu.

4. Prednisoloni huongeza njaa, hupunguza usingizi, na yaweza kupandisha sukari ya damu.

Na nywele je? Dawa hizi huua hasa chembe zinazogawanyika upesi. Za saratani ni hivyo, lakini za mizizi ya nywele, za kinywa na za uboho wa mifupa ni hivyo pia. Kwa hiyo nywele huanguka baada ya wiki 2 au 3, na kinywa chaweza kufanya vidonda. Nywele huota tena tiba ikiisha.

Hatari kubwa imo katika uboho. Yapata siku ya 7 hadi ya 14 ya duru, chembe nyeupe hupungua sana, na mwili hukosa walinzi. Joto likifika 38°C, hiyo ni dharura. Wazazi, msiseme "ni malaria tu" mkampa vidonge na kungoja asubuhi. Mpelekeni hospitali usiku uo huo, mkamwambie daktari kuwa yumo katika matibabu ya limfoma. Malaria atapimwa huko huko.

Wako wagonjwa ambao, wakiona nywele zaanguka, hudhani dawa yawaua, wakaacha tiba. Kufanya hivyo ni kuipa saratani nafasi ya kurudi. Heri kumweleza daktari: anazo dawa za kuzuia kichefuchefu, na akiona lazima aweza kupunguza kipimo.

Mwenzetu amebakiwa na duru 2. Kazi yetu ni ndogo. Mwenye mafua asimkaribie kwa sasa. Jirani yake amwandikie masomo aliyoyakosa. Na ye yote atakayemwona akitetemeka kwa homa, apige mbio kumwita mwalimu wa zamu.